Bima ya Mapengo

Wazo lilimjia Luhaga akiwa ameshika shavu. Jino lake la nyuma lilikuwa linampiga tangu juzi, naye alisimama kwenye mwalo wa Igombe, pale mitumbwi inapotia nanga, akitafuna karafuu na kuwasikiliza wanawake wanaopara samaki. Walikuwa wanabishana juu ya hii bima ya afya kwa wote: je, meno yamo au hayamo? Mmoja alisema hayamo, maana mtu hafi kwa jino. Mwenzake akamjibu kwamba huyo hajawahi kuumwa, angejua kufa kukoje.

Penye swali lisilo na jibu, Luhaga huona shamba lililokwisha kulimwa.

Kesho yake alirudi amevaa koti jeupe la muuza nyama, limefuliwa vizuri, na viatu vya ngozi vimepigwa rangi mpaka inzi anateleza. Akatangaza kwa upole, kama mchungaji anayetangaza ndoa, kwamba meno yamo, ila lazima yakaguliwe kwanza, na kwamba mwenye pengo atalipwa fidia. Alikagua kwa kijiko cha chai na tochi ya simu, kisha simu ikarudi mfukoni mwa koti. Fedha hakutaka. Fedha, alisema, ni rushwa. Yeye alipokea mabondo tu.

Asiyekaa ziwani aelezwe: bondo ni kile kifuko cha hewa kilichomo ndani ya sangara. Likishakauka, wanunuzi huligombea kuliko samaki mwenyewe. Rebeka, mjane mwenye shavu lililovimba kama andazi, alikuwa ameyakusanya yake kidogo kidogo ili akatibiwe jino. Akampa Luhaga yote. Luhaga akamulika, akatikisa kichwa kitaalamu, akamwambia asubiri, ataitwa kwa simu. Rebeka hana simu.

Jirani yake, Bibi Adongo, alimkuta analia jikoni. Alikwenda kuosha miguu, akajifunga kanga ya kutokea, akaketi mlangoni. Tapeli aliyeshiba nyumba hii haruki ile ya pili.

Kweli akapita, gunia begani, akatoa shikamoo yake.

"Marahaba, daktari," alisema bibi, akatabasamu kwa mapana ili aonekane vizuri. Meno ya mbele ya chini, yote sita, hayakuwepo.

Sasa, Wajaluo wengi wa umri ule waling'olewa meno hayo utotoni kwa mila, na kila mmoja anakumbuka kama siku hiyo alilia au alijikaza. Luhaga, Msukuma aliyekulia mitaa ya Nyamagana, hakuwa na habari hiyo. Akaanza hotuba yake ya fidia. Bibi akamkata taratibu.

"Umechelewa, mjukuu wangu. Mimi nilishalipwa."

Luhaga nusura ameze karafuu.

Bibi akamsogeza karibu. Akamnong'oneza kwamba wao wa Mara ndio walioanziwa kwa majaribio. Unakwenda hospitali ya mjini, wanakung'oa meno sita ya mbele, unalipwa. Hayo mabati mapya anayoyaona yalitoka wapi? Kisha akamwita Mzee Okomo, aliyekuwa anashona nyavu ng'ambo ya njia, akamuuliza kwa Kijaluo, ambacho Luhaga hakukijua, kama mbuzi wake amezaa. Amezaa mapacha, na mzee akacheka kwa furaha mpaka ufizi. Mapengo yaleyale. Akapita Bibi Ajwang na ndoo ya dagaa. Akaambiwa habari za mapacha, naye akacheka. Yaleyale.

Luhaga alijua fika kwamba fidia aliitunga mwenyewe, kitandani, chali. Lakini uongo wako ukikurudia umeota mvi, hata wewe utauamkia. Labda, alifikiri, alibahatisha.

"Na hili la nyuma linaloniuma, bibi?"

"Hilo wanakutolea kama nyongeza."

Ila, bibi akaonya, fidia ni ya wasiojiweza. Ukitokea na viatu vinavyong'aa, koti, na gunia linalonukia mpaka Kirumba, utafukuzwa getini. Luhaga akavua viatu, akavua koti, akaazimwa malapa yaliyoliwa kisigino. Alimsihi bibi aliangalie sana gunia, kwa kuwa siku hizi watu hawaaminiki. Bibi akaapa kwamba kila bondo litafika kwa mwenyewe.

Hospitalini foleni ilikuwa ndefu. Zamu yake ilipofika, alimnong'oneza muuguzi kwamba amekuja kung'olewa meno sita ya mbele. Muuguzi akamwita mwenzake aje asikie.

"Hayo ni mazima, kaka, hatuyagusi. Lililooza ni la nyuma. Una bima?"

Luhaga, aliyekagua vinywa vya mwalo mzima, hakuwa nayo. Fedha pia hakuwa nayo. Akaambiwa akae kwenye benchi, afikirie.

Alifikiri mpaka shavu likawa andazi. Mchana akaingia Rebeka, ameshauza mabondo yake, akalipa dirishani, akaketi jirani naye. Akamtazama polepole, kuanzia malapa ya Bibi Adongo, ambayo aliyafahamu, hadi shavuni.

Jina lake likaitwa. Rebeka akasimama, akanyoosha kanga.

"Wewe subiri, daktari," alimwambia. "Utaitwa kwa simu."

Simu ilikuwa kwenye koti.