Taji la Mfalme Mkaidi

Jumatatu, 4 Machi
Mke wangu bado yuko kwa mama yake, na binti yetu kamchukua. Eti harudi mpaka nimwombe mama mkwe radhi. Radhi ya nini? Niliwaambia wateja ukweli mtupu, kwamba mama mkwe akilala anakoroma mpaka mabati yanatikisika. Saluni yetu ni moja: mimi nanyoa mbele, mke wangu anasuka nyuma ya pazia. Ningejuaje kuwa anayesukwa ni mama mkwe mwenyewe?

Jioni nyumba kimya. Nikaweka katuni za binti yangu. Msichana kageuzwa birika, hawezi kurudi kuwa mtu mpaka ajitambue. Nikalia. Birika lile ni mimi! Kila mtu ananichemsha!

Jumanne, 5 Machi
Nimejitambua. Katuni zote zinasema jambo moja: ndani yangu kuna mtu mpole, mwenye kipaji, anayeonewa na ndugu. Nikamweleza mteja huku nikimnyoa ndevu. Akaomba nimalizie kwanza shavu la pili. Watu hawataki kukua!

Shemeji, kaka wa mke wangu, ananyoa kwenye kiti cha pili. Akadakia kwamba kukua kwangu kungeanzia kwa mama yake. Loo! Kunyoa kwenyewe nimemfundisha mimi, leo ananifundisha nafsi yangu!

Jumatano, 6 Machi
Dawa nimeipata. Katuni ya mfalme asiyetaka kuomba radhi. Kila akikataa, taji linazidi uzito na yeye anazama ardhini. Mama mkwe huyo huyo! Akiiona, haya zitamshika, atanibembeleza. Sikuitazama yote. Mwanzo unatosha.

Alhamisi, 7 Machi
Nimebeba runinga mpaka kwa mama mkwe, shemeji akishika waya nyuma yangu. Wakakaa wote. Mfalme akasema hana kosa. Akazama hadi magotini. Nikamkazia mama mkwe macho. Naye akanikazia. Mke wangu akanitazama. Shemeji akanitazama. Binti yangu akauliza kwa nini mfalme anaongea kama baba.

Wakaangua kicheko! Mama mkwe alicheka mpaka akashika mbavu. Nikachomoa waya, mfalme akiwa kazama hadi kifuani.

Mke wangu akanifuata mlangoni, mpole kabisa. Akasema mama ameshacheka, hasira zimekwisha, limebaki neno langu moja tu. Begi lake lilikuwa mkononi. Viatu vya mtoto vilishavaliwa. Neno likanifika kwenye ncha ya ulimi, wallahi. Nikalimeza. Nikamwambia waanze wao kuniomba radhi, kwa kunicheka.

Akarudisha begi ndani. Na runinga nimeirudisha peke yangu! Shemeji alibaki kula.

Ijumaa, 8 Machi
Nimeitazama yote. Mfalme alipozama hadi kidevuni akasema samahani. Taji likawa jepesi kama kofia ya karatasi, na watu wake wakarudi mbio. Nimelia mpaka shati limelowa. Nimewakumbuka sana.

Somo limeniingia barabara: bila msamaha hakuna nyumba. Basi nimewasamehe wote, hata shemeji. Nimetandika kitanda cha binti yangu. Mlango nimeuacha wazi, wasije wakahangaika kubisha hodi watakapokuja kuniomba radhi.