Disketi ya Tano

Jumatatu, 9 Juni 1997

Nimefanikiwa! Mwalimu Aurelia amenipa ufunguo wa stoo ya shule kwa likizo nzima. Ndani kuna kompyuta ya msaada, kuukuu, na disketi saba za Windows ya zamani. Kazi yangu rasmi ni kuiwekea hiyo Windows. Bila hiyo, kompyuta ni kabati tu. Kazi yangu ya siri ni kubwa zaidi: Klabu ya Kompyuta. Mwenyekiti: mimi, Anselim. Wanachama: bado. Uzinduzi: Jumamosi. Shule ikifunguliwa sitakula tena muhogo wa mapumziko peke yangu nyuma ya maktaba.

Mwalimu alisisitiza jambo moja tu. Vumbi! Alileta kitambaa alichokifuma mwenyewe, chenye maua ya pinki, tukaifunika mashine mpaka chini.

Disketi ya kwanza ikapita. Ya pili. Ya tatu. Ya nne. Ya tano: skrini ikaganda. Nikazima, nikawasha, nikaanza upya. Ya tano, ikaganda tena. Nimeshamjua adui.

Nyumbani kimya. Mama na wadogo zangu wako shambani ng'ambo ya mto, wanaamia ndege kwenye mpunga. Nilimwambia Mama kwamba nabaki kusoma. Nimepika wali wa watu watano kwa mazoea.

Jumanne, 10 Juni

Nimeifuta disketi ya tano kwa pamba na spiriti. Nimefunga madirisha. Nimeongeza khanga juu ya kitambaa. Imeganda kwenye disketi ya nne! Adui amehama.

Nilipoigusa mashine ilikuwa ya moto kama pasi. Dalili nzuri. Ina nguvu.

Ngusa alipita. Ni Msukuma, amehamia darasani kwetu mwaka huu, hukaa dawati la nyuma yangu na haongei sana. Aliuliza mbona nimeivisha kama bibi harusi. Nikamwambia ni mambo ya kitaalamu. Akaweka mahindi yake ya kuchemsha juu ya khanga, yakabaki na moto mpaka tukayamaliza. Nusu alinipa mimi. Akataka kujua kama nacheza bao. Nikamjibu kwamba sina nafasi, natafuta wanachama.

Jumatano, 11 Juni

Kelestini! Mjomba wake ana banda la video sokoni, na darasa zima hushinda huko. Alinikuta nabandika tangazo la uzinduzi ukutani kwenye duka. "Vipi, Profesa, dude limekubali?" Nikasema limekubali. Akacheka mpaka akashika ukuta. Akanijulisha kwamba Jumamosi saa tisa wao wanaonyesha karate, sehemu ya kwanza na ya pili kwa kiingilio kimoja. Saa tisa! Saa yangu! Makusudi kabisa.

Kitabu cha maelekezo ni cha Kijerumani. Nimesoma picha. Kompyuta ya kwenye picha haina kitambaa wala nini, na imekaa karibu na dirisha lililo wazi. Bila shaka Ulaya hakuna vumbi.

Ijumaa, 13 Juni

Nimeleta blanketi la Mama. Imeganda kwenye disketi ya pili. Machozi yamenitoka kidogo. Ni hilo vumbi.

Ngusa alikuja tena, akaketi juu ya gunia. Kesho asubuhi anavuka kwa kivuko kwenda kwenye mavuno ya kwao, jirani kabisa na shamba letu. Anasema juzi alipopeleka chumvi alimwona Mama, na Mama aliuliza kama nakula. Anasema atanipakia kwenye baiskeli, nyuma ameshafunga gunia ili nisiumie. Jioni tutaota moto, tutacheza bao, na ndugu zake watanicheka nikishindwa, lakini nisijali, humcheka kila mtu.

Nilitaka kusema ndiyo. Lakini mwenyekiti anawezaje kukosa uzinduzi wake? Ngusa akasema haya, atapita kona ya kwetu hata hivyo, huenda nikabadili mawazo.

Jumamosi, 14 Juni

IMEKUBALI!

Nilienda asubuhi nimevaa sare kamili, tai na soksi nyeupe. Nilipita njia ya nyuma ili soksi zisishike vumbi. Nikamkuta Mwalimu Aurelia, nikamwamkia shikamoo. Alikuwa ameshaondoa kitambaa, khanga na blanketi akavifue kwa heshima ya uzinduzi, na amefungua madirisha yote. Mashine uchi, siku kama hii! Sikuwa na la kufanya, nikaanza. Disketi ya tano ikapita. Ya sita. Ya saba!

Nimechunguza sababu kwa makini. Ni sare. Siku zote nilikuja na kaptula ya nyumbani.

Saa tisa walikuja wageni wawili, watoto wa shule ya msingi waliokosa kiingilio cha karate. Niliwaonyesha saa inayotembea kwenye skrini. Mmoja akasema hata kwao wana saa. Mwingine akauliza karate inaanza lini. Wakaondoka. Hotuba ilikuwa kurasa nne, nikaisoma mpaka mwisho. Vigelegele vilikuwepo, vya banda la video.

Jumapili, 15 Juni

Baada ya misa nilikwenda kwa kina Ngusa kumwambia imekubali. Mlango una kufuli. Mama anayeuza vitumbua kwenye kona yetu ananiambia jana kijana mmoja aliegesha baiskeli pale, akanunua vitumbua vinne, akala viwili, akasubiri mpaka jua likawa kali. Hivyo viwili vingine alimwachia yeye anipe. Vilikuwa vimekauka. Nimevila. Sijui Ngusa alisubiri nini, nilishamwambia nina kazi.

Nimerudi stoo. Nimefunga madirisha na kuifunika mashine kwa mablanketi mawili. Kisha nimekaa nikafikiri kwa nini watu hawakuja. Kosa nimelipata: hatuna printa! Mwalimu anasema kuna moja iliyokufa kwenye stoo ya pili. Nimeshaomba ufunguo. Nimeghairi kwenda kwa Mama wiki hii.

Mtu ukimchapishia jina lake kwa herufi kubwa, haondoki tena. Nitaanza na la Ngusa.