Kijana wa Miaka Hamsini na Minane

Tume ya Kulinda Sura Njema ya Vijana wa Likasi inawatangazia wananchi wote kwamba huzuni ya vijana imefutwa kuanzia Jumatatu. Kijana atakayebaki nayo atawakilishwa na mtu mzima.

Tangazo hilo alilitunga Président Séraphin, mwenyekiti wa tume mwenye miaka hamsini na minane, na alijivunia kila neno lake. Chanzo kilikuwa filamu fupi aliyotaka kuitengeneza Jaël, mwanafunzi wa mtaa wa Kikula, kuhusu msichana aliyejifungia chumbani na hakuna anayemuuliza kitu. Jaël alikuwa akimfikiria rafiki yake Tania, ambaye haji tena darasani. Tania ni binti wa Séraphin, lakini mambo ya nyumbani si mambo ya ofisi.

Kila Jaël alipoomba ruhusa, Séraphin alimwambia arudi Alhamisi. Jibu zuri sana, hata nyumbani alilitumia.

Mwishowe tume ilikubali, kwa masharti. Msichana mwenye huzuni aigizwe na mtu mwenye cheo na uzoefu, na kamera isizimwe kabla hajatabasamu. Séraphin alijitolea mwenyewe. Alivaa shati jeupe na suruali ya buluu ya shule, kitambi kikiwa mbele, akaketi kitandani na kuanza kwa kuwasalimu viongozi waliopo, ingawa kwenye hadithi alikuwa peke yake.

Gaëlle, mwanafunzi aliyeigiza mama, akamsogelea.

"Mutoto yangu, unalalaka muzuri?"

Séraphin alipaswa kujibu kwamba hakuna kitu, kisha atabasamu. Badala yake alijaribu kukumbuka lini mtu alimuuliza hivyo.

"Hapana," akasema. "Miye sijalala muzuri tangu zamani. Na hakuna muntu ananiulizaka."

Akalia kama mtoto. Kwa kuwa sharti ni sharti, walilingoja lile tabasamu mpaka betri ya kamera ikaisha.

Tume haikuweza kuipiga marufuku filamu. Ingebidi itangaze kwamba mwenyekiti ana huzuni, nayo ilikwisha kufutwa. Filamu ikapitishwa kwa kura zote.

Ilionyeshwa Jumamosi. Jumatatu wakubwa wa mji, tai shingoni, walijipanga mbele ya shule, kila mmoja akitaka Jaël amuulize kama analala. Séraphin alitangulia, kwa mujibu wa itifaki.

Jaël alimpokea kwa heshima zote.

"Papa Président, mukubwa hawezi kuwa na huzuni ye peke yake. Lazima kijana amuwakilishe. Muko na kijana ku nyumba?"

Séraphin alirudi nyumbani kwa miguu. Akasimama mbele ya mlango wa binti yake, akapiga hodi kwa mara ya kwanza maishani mwake.

"Tania, mutoto yangu. Unalalaka muzuri?"

Tania alijibu kutoka ndani.

"Murudi Alhamisi, Papa."

Hakuwa na pa kukata rufaa. Akaketi sakafuni, mgongo mlangoni, akaanza kungoja Alhamisi.