Adapta Inayonihujumu

Jumanne, 3 Machi
Jumapili chama chetu cha watu wa kijiji kimoja, sisi tuliotawanyika huku na huko, kinachagua mwenyekiti kwa kikao cha video kwenye kompyuta. Wagombea ni wawili: mimi, na binamu yangu wa ghorofa ya juu. Mwenyekiti ndiye hufungua kila kikao kwa kuwasimulia watoto habari za kwetu. Binamu anashikilia kwamba kisima kilikuwa nyuma ya shule. Kilikuwa mbele! Alipoondoka kijijini alikuwa bado anabebwa mgongoni. Akishinda yeye, watoto watarithi kisima kisichokuwapo.

Leo nimempelekea salamu. Kwa simu ya mke wangu nimebadilisha jina la Wi-Fi yetu, maana jengo zima huliona. Sasa inaitwa "Aliye Juu Mngoje Chini". Werevu mtupu.

Jumatano, 4 Machi
Kompyuta haina mtandao. Jana asubuhi ilikuwa nzima! Mtuhumiwa ni adapta ya Wi-Fi, kile kidude kidogo kama ukucha kilichochomekwa ubavuni. Nimekichomoa, nimekipuliza, nimekirudisha. Kimya. Nimekihamishia tundu la pili. Kimewasha taa ya kijani. Unafiki.

Mke wangu amesema adapta haina neno. Kompyuta inatafuta jina la zamani, nami nimelifuta. Simu yake nayo ilikatika, akachagua jina jipya, akaandika neno la siri, basi. Nimemweleza kwamba mambo ya kiufundi hayaendi hivyo. Amesema haya, baba watoto, endelea kupuliza.

Jioni Wi-Fi ya binamu imejibu: "Utangoja Sana".

Alhamisi, 5 Machi
Nimebadilisha tena: "Debe Tupu Haliachi Kuvuma". Kisha nimefuta programu ya adapta ili niiweke upya. Programu mpya, nimegundua, hupatikana mtandaoni. Mtandao hupatikana kwa adapta. Adapta haifanyi kazi bila programu. Ujanani nilifika kwenye mpaka wa nchi wa namna hii: kibali alipewa mwenye kibali. Nilipita. Nitapita.

Nimekutana na binamu ngazini. Ati kaka, nasikia kompyuta inaumwa. Jumapili panda kwangu, tutabanana kiti kimoja. Nigombee nikiwa nimepakatwa! Nimemshukuru kwa adabu, nikasema kompyuta haijawahi kuwa na afya kama sasa.

Jumamosi, 7 Machi
Imeamka! Mke wangu alipakua programu kwa simu yake, akaihamisha kwa waya, akachagua jina jipya, akaandika neno la siri. Kazi ndogondogo za mkono. Msingi niliuweka mimi.

Ameniapisha nisiguse jina hadi uchaguzi upite. Nimeapa.

Jumatatu, 9 Machi
Jana nilinena. Kisima nilikiweka mbele ya shule, pamoja na lile jiwe la kufulia lililopasuka katikati. Shangazi mmoja mkongwe, kwenye kidirisha chake, alifuta macho, akasema hapohapo, mwanangu, hapohapo. Binamu akainamisha kichwa. Ushindi ulikuwa kiganjani.

Katibu akatangaza kwamba kabla ya kura kila mgombea ataitwa, aitike kwamba yupo. Akaanza na binamu. Nikabaki bila kazi, na simu ya mke wangu iko mezani. Nikaona ni haki jengo lijue mapema. "Mpanda Ngazi Hushuka". Nikahifadhi.

Picha zote zikaganda. Sura yangu ya mwisho waliyoiona, nasikia, ilikuwa inacheka.

Nilipoitwa sikuitika. Nikaitwa tena. Mwenyekiti ni binamu, bila kupingwa. Tangu asubuhi nasikia huko juu hotuba ikifanyiwa mazoezi: nyuma ya shule, wanangu, nyuma ya shule.

Chanzo ni dhahiri: adapta. Si ya kuaminiwa siku ya siku. Nimeagiza mpya, yenye antena mbili. Ikifika, nitaipa Wi-Fi jina jipya linaloendana na hadhi yake.