Meza ya Kerezo na Kitanda cha Pelagia

Jumatatu, 5 Oktoba 1953. Tabora.

Nimelipata! Kerezo la chuma, mashine ya kuzungusha mti ukichongwa, la kukanyaga kwa mguu, tena zima. Jirani yangu Tobias aliachiwa na mjomba wake fundi. Tumebadilishana: yeye kachukua baiskeli yangu, mimi kerezo. Nimemzidi akili!

Mwezi wa nane nilimsikia Pelagia, ng'ambo ya ua, akimwambia dada yake kwamba siku akiolewa anataka kitanda chenye matendegu, ile miguu yake, yaliyokerezwa, kama vitanda vya nyumba za Waarabu. Hakuniambia mimi. Lakini nilisikia, na tangu siku hiyo sina usingizi. Nitamtengenezea kwanza, maneno baadaye.

Nimeliweka kerezo juu ya meza ya kulia. Nikakanyaga. Meza ikatembea mpaka mlangoni.

Jumatano, 7 Oktoba.

Dawa ni uzito. Mzee Masolwa, baba yake Pelagia, ni mrina asali wa Sikonge. Nyuma ya nyumba ana mizinga minne ya magogo, mitupu. Nikampa shikamoo ya heshima zote, nikaiomba. Akauliza ya nini. Nikasema siri. Akaniangalia kama mgonjwa, akanipa.

Nimeisimamisha bandani iwe miguu ya meza mpya, nikaitia mchanga, juu yake ubao wa mninga. Mchanga ulifika nusu tu. Nikaona yatosha.

Tobias kapita na baiskeli, Pelagia kakaa nyuma. Kasema anamsogeza sokoni. Mtu mwema, ila kuendesha hajui. Pelagia alicheka. Kicheko kile! Nilikuwa na nyundo mkononi, nikasahau nilitaka kupigilia nini.

Ijumaa, 9 Oktoba.

Haitikisiki! Nimekanyaga asubuhi nzima, meza imetulia tuli. Ila ubao unalia na kerezo linakwama. Nimepaka nta kila mahali, mpaka kwenye matundu ya mizinga, ipendeze. Banda zima linanukia.

Kipande cha kwanza kimevunjika. Cha pili kimetoka kama mwiko. Hata hivyo nimekaa nacho muda mrefu, nikiwaza mkono wa Pelagia. Kumpenda mtu asiyejua kunachosha kuliko kupiga randa.

Jumamosi, 10 Oktoba.

Nyuki! Saa nne asubuhi kundi zima limeingia mizingani, juu ya mchanga. Nimekimbia. Nimerudi kuokoa patasi. Nimeumwa mdomoni mara mbili, na machoni.

Mzee Masolwa kaja, kacheka mpaka kashika ukuta. Kauliza nani kanifundisha kupaka nta mzinga mtupu; kila mtoto wa Sikonge anajua nyuki huvutwa mzingani hivyo hivyo. Tena kasema mizinga ni yake, basi na nyuki ni wake, na mtu asiwaguse mpaka asali iive.

Nyuma yake alikuwepo Pelagia. Kaniuliza, kwa upole, hasa nilikuwa natengeneza nini. Miezi miwili nimeingoja nafasi hiyo! Midomo imevimba. Nikasema "mmm". Akangoja. Nikasema "mmm" tena. Akanipa pole, akaondoka.

Nilimtazama mpaka akapotea kwenye kona, nikalia kidogo. Macho nayo yalikuwa yameumwa, kwa hiyo hakuna aliyejua.

Jumapili, 11 Oktoba.

Misa ya kwanza. Padri katangaza ndoa: Tobias na Pelagia, tangazo la kwanza. Kasema mwenye kujua kizuizi aseme. Ninacho! Hajaona kitanda! Lakini mdomo bado.

Nimerudi nyumbani kwa miguu, jua kali. Jina la Pelagia linapendeza hata likisomwa pamoja na la Tobias.

Mchana nimepiga hesabu. Matangazo ni matatu. Jumapili mbili zimebaki. Matendegu ni manne tu. Kilichoniponza ni mizinga. Meza inataka magogo mazito yasiyo na tundu, na Tobias anayo uani, ya mninga mkavu, ya mjomba yule yule. Nimemwendea. Kasema atanipa yote nikimpa kitanda changu, maana wao hawana cha kuanzia.

Nimempa papo hapo! Kakibeba mwenyewe kichwani, huku anaimba. Nimetandika mkeka chini, nanoa patasi. Maskini Tobias! Hajui kwamba kitanda cha Pelagia kitatoka kwangu.