Majina Mia Mbili ya Kutetea Vumbi

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimekuwa mtu! Bwana Tai, yule wa kiwanda cha saruji anayevaa tai hata jua likichoma, kanivika kitambulisho shingoni: Mratibu wa Sauti ya Wananchi. Shule niliachia darasa la saba, sasa naratibu! Ijumaa baraza la mji linapiga kura: kiwanda kifunge vichujio vya vumbi na kiwatibu wenye vifua vibovu, au kiachwe kama kilivyo. Bwana Tai anataka majina mia mbili ya wananchi wasiotaka vichujio.

Baba alijaza mifuko kiwandani miaka ishirini na miwili. Siku hizi analala ameketi. Akilala chali, pumzi inakata. Dada kasema sheria ikipita, Baba atatibiwa. Nikasukumia kitambulisho ndani ya shati. Mjini akili.

Jumanne, 4 Machi

Majina kumi na moja. Fundi cherehani kaniuliza kama nimetumwa au nimerogwa. Muuza mkaa kanikoholea usoni, makusudi! Kinyozi katia sahihi, ila alidhani ni orodha ya kugawiwa kofia. Sikumsahihisha.

Alhamisi, 6 Machi

Mia moja tisini na tisa! Usiulize. Nimemaliza ukoo, nimemaliza timu ya mpira, nimetia na marehemu wawili, watu wasio na ubishi hata walipokuwa hai. Limebaki moja. Bwana Tai kapiga simu: hilo la mwisho liwe zito, la mfanyakazi wa zamani.

Baba alikuwa kasinzia kitini. Nikashika dole gumba lake, nikalipaka wino, nikaligandamiza kwenye karatasi. Hakuamka. Mkono mwepesi kama kijiti. Nikajiambia, ni jina tu, jina halina mapafu.

Ijumaa, 7 Machi

Sikujua Dada angemleta Baba barazani! Wametembea wakipumzika kila nguzo ya umeme. Baba alitaka kusema maneno mawili tu. Karani kafunua karatasi: Mzee, wewe umeshasema, umepinga sheria, dole lako hili hapa. Bwana Tai akalisoma jina la Baba kwa sauti, eti hata wakongwe wa kujaza mifuko wako upande wa kiwanda. Baba akafungua mdomo. Kikatoka kikohozi. Kikohozi tu, mpaka mwenyekiti akasema muda umekwisha. Sheria ikaanguka kwa kura moja.

Njiani hakunigombeza. Alilitazama dole lake, akasema kumbe ni wino. Tangu asubuhi alikuwa akilisugua, akidhani ni saruji ya zamani inamtoka. Heri angenizaba kofi.

Jumatano, 12 Machi

Wodini. Baba ana mrija puani. Dada hasemi nami. Akitaka nisogee, anamwambia muuguzi aniambie. Nikaenda kulia chooni, bomba nimelifungulia lipige kelele. Nimeapa: sirudii tena, haki ya Mungu!

Jioni kaja Bwana Tai na mfuko wa machungwa na pole nyingi. Baraza sasa linajadili maji machafu ya kiwanda, na yeye anahitaji majina mia nne. Nikamjibu kwa ukali kwamba nina mgonjwa, asinichezee. Akaniomba radhi, akaniachia karatasi na kalamu, akaondoka.

Nikakaa. Nikaangaza macho. Wodi ina vitanda thelathini, vyote vimejaa, na safari hii hakuna atakayenikimbia.