Mvi za Mpelelezi

Taabu nilianza kuzijua mwaka 1969, nina miaka minane, nachunga ng'ombe za watu kule Msanzi. Shule niliishia darasa la pili. Tangu hapo hakuna aliyenidanganya. Leo nimedanganywa na ndevu.

Mnaijua ile tamthilia ya upelelezi ya enzi za mkoloni. Nilishawaambia humu kundini kwamba vijana wake hawajui kuigiza. Askari anavaa kaptula kama anakwenda kuoga. Muuaji anatembea kama ana mimba. Anayejua ni mmoja tu, yule mzee mpelelezi mwenye mvi mpaka ndevuni. Uzee hauigizwi, nilisema. (Nilisema kwa sauti. Mke wangu anakumbuka.)

Sasa hivi wanarekodi Kasanga, na binti yangu Konsolata ndiye anawashonea nguo za kizamani. Asubuhi kapiga simu, anakuja na mgeni, wana jambo na mimi. Gari likasimama. Akashuka nani? Mpelelezi mwenyewe, na mvi zake zote.

Nikavua kofia. Nikainama.

"Shikamoo, mzee."

Akamtazama Konsolata. Akanitazama mimi.

"Marahaba," akasema, kwa sauti ileile ya kwenye tivii.

Nikampa kiti changu, mimi nikakaa kigodani. Nikamweleza vijana wanavyomharibia tamthilia. Akawa anaitikia huku jasho linamtoka. (Sumbawanga hii, na baridi yake. Nikadhani presha.) Konsolata kila akifungua mdomo namnyamazisha, wazee wanaongea. Mwisho nikamwomba na ushauri. Nimesikia binti yangu ana mchumba huko kwa wasanii, na nilishaapa msanii haoi kwangu.

"Mzee wangu, kwa umri wako, wewe ungempa?"

Akakohoa. "Ningempa."

"Basi nimempa. Ukishasema wewe, imekwisha."

Mke wangu akakaa chini palepale mlangoni, hoi kwa kicheko. Konsolata akasema taratibu, "Baba, mchumba ndiye huyu. Ana miaka ishirini na saba. Hizo mvi wamempaka, hazitoki mpaka kazi iishe."

Kijana akashuka kitini, akapiga goti. "Shikamoo, baba."

Nilitaka kumfukuza. Lakini neno nimeshalitoa, na mimi neno langu silimezi.

"Marahaba," nikasema. "Na hicho kiti ni changu."

Atakayecheka humu namtoa kundini. Mimi si mtu wa kuchezewa. Nina mashine mbili za kusaga, shamba la mahindi na ulezi, nyumba ya bati, ng'ombe kumi na mmoja, na mkwe niliyemwamkia mimi kwanza.